Neno "Shall" na Haki ya Mfanyakazi

Liko neno moja la Kiingereza lenye herufi tano tu, nalo limejaa tele katika sheria na mikataba ya kazi iliyotungwa kwa lugha hiyo. Neno hilo ni "shall". Wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba maana yake ni "ta", yaani alama ya wakati ujao, tukaridhika. Leo twapenda kulichungua, kwa sababu mfanyakazi asiyelielewa aweza kupunjwa haki yake huku ameshika mkononi karatasi inayomlinda.

Tuanze na asili yake. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilikuwa na maana ya kuwiwa. Aliyekitumia alisema kwamba ana deni juu yake. Neno la Kijerumani "Schuld", lenye maana ya deni au hatia, ni la ukoo huo huo. Mwenziwe, "will", alikuwa na maana nyingine kabisa, yaani kutaka. Hapo Mwingereza na Mswahili wamekutana pasipo kuagana, kwani wataalamu wa lugha husema kwamba hata "ta" yetu ya "atakuja" imetokana na kitenzi "taka". Basi "will" na "ta" zimezaliwa na kutaka, bali "shall" imezaliwa na deni.

Miaka ikapita, maneno hayo mawili yakachanganyika. Mwaka 1653 Mwingereza John Wallis, bingwa wa hesabu, alitoa kitabu cha sarufi kwa Kilatini, akaweka kanuni: mtu akijisemea mwenyewe, "shall" ni kutabiri tu na "will" ni kuahidi, akisema juu ya wengine, mambo hugeuka. Kanuni hiyo wakakaririshwa watoto wa shule kizazi hata kizazi. Waingereza wana kichekesho cha kale juu ya mgeni aliyetumbukia majini. Alitaka kulia kwamba anazama wala hapana wa kumwokoa, lakini akabadilisha maneno hayo mawili. Watu wa ukingoni wakaelewa kwamba ameazimia kuzama na amekataza asiokolewe, wakamwacha! Siku hizi hata Waingereza wenyewe wengi hawaishiki kanuni hiyo wanapozungumza.

Lakini katika sheria neno hili lingali na nguvu zake. Hapa Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, imekata shauri katika kifungu cha 53: penye "may", aliyepewa mamlaka aweza kuyatumia au kuyaacha kwa hiari yake, penye "shall", kazi aliyopewa sharti itendwe.

Tutazame mfano ulio karibu na kila mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwa "shall" kwamba mwajiri ampe mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Kisha yasema kwa "may" kwamba mwajiri aweza kupanga likizo hiyo ichukuliwe lini, mradi isipite miezi sita tangu mzunguko wa likizo kwisha. Maneno mawili, haki mbili tofauti. Kupanga tarehe ni hiari ya mwajiri. Kuitoa likizo si hiari yake. Vivyo hivyo malipo ya saa za ziada, ambayo hayapaswi kupungua mara moja na nusu ya mshahara wa msingi: hapo pia neno ni "shall". Mwajiri anayetoa malipo hayo kana kwamba ni zawadi ya sikukuu hajaisoma sheria, au ameisoma akatumaini kwamba wewe hukuisoma.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Kazi ya kufasiri ni kubwa, na hapo ndipo "shall" hutega mtego. Anayeandika "mwajiri atalipa" ametoa wakati ujao, lakini deni limefifia. Nani kati yetu hajaambiwa "nitakulipa" akangoja mpaka akachoka? Sisi twaona heri kuandika "lazima alipe" au "inampasa kulipa". Wala si sisi peke yetu tuliolishuku neno hili. Afrika ya Kusini, katika Katiba yake ya mwaka 1996, ilipendelea neno "must", ambalo halina shaka. Na Marekani mwaka 2007 ililiondoa "shall" katika kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho.

Hata hivyo, tusidhani kwamba neno zuri hujitekeleza lenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 261, yatumia "shall" mara mbili katika sentensi moja: Bunge likishindwa kutunga sheria zilizoagizwa na Katiba hata baada ya amri ya mahakama, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje, na Rais atalivunja. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitoa ushauri huo, kwa kuwa sheria ya uwiano wa wanawake na wanaume haikutungwa. Shauri likapelekwa mahakamani, utekelezaji ukasimamishwa, na Bunge lile likaendelea mpaka uchaguzi wa mwaka 2022.

Basi, ndugu mfanyakazi, upewapo mkataba, usitie sahihi kwa haraka. Upigie mstari kila palipo na "shall" na kila palipo na "may". Kama umeandikwa kwa Kiswahili, uliza kila "atafanya" ni lazima au ni matumaini tu. Ukishapata jibu, lipeleke kwenye mkutano wa chama chako cha wafanyakazi, kwani deni lisilodaiwa husahauliwa. Wazee walikwisha sema: ahadi ni deni.