Kiwango cha sheria si kiwango cha usalama



Alfajiri moja nikiwa zamu aliletwa mzee aliyegongwa na pikipiki wakati akirudi msikitini. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Kijana aliyemgonga alikuja naye, mikono imechubuka, na harufu ya pombe ilimtangulia mlangoni. Nilipomuuliza alijibu kwa kujiamini: "Daktari, mimi leo sijanywa. Nilikunywa jana."

Hakuwa anadanganya. Tatizo ni kwamba pombe ya jana ilikuwa bado haijatoka kwenye damu yake.

Wengi wetu husema, sisi Waislamu hatunywi, habari za vipimo vya pombe barabarani zinatuhusu nini? Zinatuhusu. Mzee yule hakuwahi kuionja pombe, lakini mguu uliovunjika ni wake. Watoto wetu wanapanda bodaboda kwenda shule na madrasa, na sisi tunasafiri kwa mabasi bila kujua dereva ameamkaje.

Mstari uko wapi?

Pombe iliyomo mwilini hupimwa kwa miligramu katika kila mililita 100 za damu. Norway ndiyo iliyotangulia kuweka kiwango kwa sheria, mwaka 1936, ikachagua 50. Mwaka 2001 ikashusha hadi 20. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1967, ilichagua 80. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 nayo ikataja 80. Ujerumani na Ufaransa ni 50, Japani 30, China na Sweden 20. Hungary hairuhusu hata kidogo. Nchini Marekani majimbo karibu yote yana 80, lakini Utah ilishuka hadi 50 mwishoni mwa mwaka 2018.

Tazama mfano mmoja. Tarehe 5 Desemba 2014 Scotland ilishusha kiwango chake kutoka 80 hadi 50, na England ikabaki na 80. Tangu siku hiyo dereva mwenye miligramu 60 alikuwa hajavuka kiwango akiwa England, lakini akiingia Scotland ni mkosaji. Je, ubongo wake ulibadilika pale mpakani? Damu ni ile ile na macho ni yale yale. Kilichobadilika ni sheria tu.

Kwa nini namba zinashuka?

Mwaka 1964 mtaalamu wa Marekani, Robert Borkenstein, alitoa utafiti uliofanywa mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Aliwalinganisha maelfu ya madereva waliopata ajali na wale ambao hawakupata, akaona hatari inapanda kwa kasi kubwa pombe inapokaribia 80 na kuzidi. Utafiti huo ndio ulioifanya Uingereza ichague namba hiyo.

Elimu ya baadaye imeonyesha kuwa madhara huanza mapema zaidi. Kwenye 20, mtu huanza kushindwa kugawa akili yake katika mambo mawili kwa wakati mmoja, na dereva hufanya hivyo kila dakika. Kwenye 50, macho hupata shida kufuata kitu kinachotembea, na usukani hauongozwi sawasawa. Kwenye 80, umakini na udhibiti wa mwendo vimeshapungua waziwazi. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi 50, na kwa madereva vijana na wapya kisizidi 20.

Hesabu ya asubuhi

Kazi ya kuondoa pombe hufanywa na ini, nalo halina haraka. Kwa wastani huondoa takriban miligramu 15 kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Mtu akimaliza kunywa saa 6 usiku akiwa na 150, saa 11 alfajiri bado ana 75. Kwa sheria ya 80 huyo amepita, na anaweza kuwasha gari lake mbele ya askari. Lakini ndani ya kichwa chake pombe bado inafanya kazi. Itamtoka karibu saa 4 asubuhi. Kahawa kali, supu, ndimu na kuoga maji baridi haviliharakishi ini. Vinaweza kumfanya ajione mzima, na hapo hatari inazidi.

Madrasa tulifundishwa kuwa kinacholevya kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu. Utotoni niliichukua kama hukumu tu. Nilipofika chuo cha utabibu na kusoma namna ubongo unavyoathirika, nikaona na rehema iliyomo ndani yake.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwe na bodaboda tunayemjua, na tusimkabidhi mtoto kwa dereva kabla ya kuzungumza naye. Ukisikia harufu au ukiona macho mekundu na maneno yasiyonyooka, shuka. Nauli iliyopotea hulipika.

Pili, abiria asione haya kumwambia konda au askari wa trafiki pale dereva anapotiliwa shaka, hata kama ni asubuhi.

Tatu, na hili ni zito, zipo nyumba zetu zenye kijana anayekunywa kwa siri na wazazi wanajua. Kumsitiri ni jambo jema, lakini sitara si kumpa ufunguo. Mnyimeni pikipiki hata kama amesema alikunywa jana, huku mkimwombea na kumtafutia msaada wa kuacha.

Mzee wetu sasa anatembea kwa fimbo, na alfajiri bado anakwenda msikitini. Siku hizi mjukuu humsindikiza.

Allah atuhifadhi sisi na watoto wetu njiani. Wabillahi tawfiq.