Kupaliwa si Kukosa Hamu

Hapa kijijini Lyulilo, wilayani Kyela, mgonjwa hupimwa kwa sahani. Akila, wageni huondoka na matumaini. Akiisukuma sahani, wanaanza kunong'ona. Mke wangu alipopatwa na kiharusi akapooza upande wa kulia, nyumba ilijaa wali, ndizi za kupika na mbasa wa ziwani, na kila aliyeingia alikuwa na neno lilelile: "Mwalimu, mlazimishe mama ale. Bila chakula nguvu zitatoka wapi?" (Ualimu nimestaafu, jina bado liko kazini.)

Hamu alikuwa nayo. Alichoshindwa ni kumeza. Akinywa maji anapaliwa, anakohoa hadi machozi, na baada ya kila funda sauti yake inakuwa na majimaji.

Kumeza ni kazi ya misuli mingi inayopokezana kwa nukta chache. Ulimi husukuma tonge nyuma, njia ya hewa hujifunga, kisha chakula hushuka kwenye umio. Kiharusi kikigusa sehemu ya ubongo inayosimamia kazi hiyo, njia ya hewa huchelewa kujifunga na chakula huelekea mapafuni, na hapo nimonia haiko mbali. Maji, ambayo sote tunadhani ndiyo salama kwa mgonjwa, yana hatari kubwa kwa sababu yanakimbia. Na wapo wagonjwa wasiokohoa hata kidogo yakiingia pasipo pake. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya wanaopatwa na kiharusi hupata shida ya kumeza siku za mwanzo, na wengi wao hurejea hali nzuri ndani ya wiki chache, mradi wasiuawe na nimonia kwanza.

Hospitali tulikolazwa walimpima presha, wakampima sukari, wakamfundisha kukunja na kunyoosha vidole. Koo halikuulizwa. Tuliruhusiwa kwa agizo la uji mwepesi na maji mengi, na haikuchukua muda tukarudi na nimonia. Simlaumu muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku. Namlaumu aliyetunga fomu yenye nafasi ya kila kitu isipokuwa kumeza.

Nchini Uingereza mwongozo wa kitaifa unataka mgonjwa wa kiharusi apimwe kumeza ndani ya saa 4 tangu afike hospitali, kabla hajapewa chakula, kinywaji wala kidonge. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine. Mgonjwa aliye macho huketishwa wima, hupewa maji kijiko kimoja kimoja, na muuguzi aliyefundishwa humtazama na kuisikiliza sauti yake. Kijiko hata Lyulilo kipo.

Aliyefundishwa ndiye haba. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufundisha wataalamu wa usemi na kumeza mwaka 2008, na Tanzania kwa miaka mingi ilitegemea wachache waliosomea nje. Wachache hao huwapati kijijini. Kutoka hapa unapita Ipinda na Kyela, unapanda milima ya Rungwe kupitia Tukuyu, ndipo uifikie Mbeya. Jumamosi, Wakisi, wafinyanzi wa huku, wanapoleta vyungu vyao sokoni kwa mitumbwi, gari halisumbui. Siku nyingine unakodi, na mgonjwa asiyeweza kuketi analipiwa kiti zaidi ya kimoja.

Huko Mbeya ndiko mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo alikonionyesha jinsi ya kupima uzito wa uji, maana ulio mzito haukimbii kama maji. Unachukua bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano, unaziba tundu kwa kidole, unalijaza, unaachia kwa sekunde 10. Yakiwa ni maji, yote yatakuwa yametoka. Zikibaki mililita 4 hadi 8, uji ni mzito kiasi. Zikibaki zaidi ya 8, ni mzito zaidi. Vipimo hivyo vinatumika kimataifa, ila uzito unaomfaa kila mgonjwa huamuliwa na aliyempima. Mchele wetu wa Kyela, ukisagwa na kupikwa vizuri, unatosha. Lakini kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi bakulini, maana mate huyeyusha uji ukawa mwepesi tena. Mke wangu hula akiwa ameketi wima, hukaa hivyo nusu saa baada ya kula, na kinywa husafishwa kila siku, kwa kuwa uchafu wa kinywani ukishuka mapafuni huongeza hatari ya nimonia.

Si kila anayeshindwa kumeza ana kiharusi. Anayekwamwa kwanza na ugali, baadaye ndizi, mwishowe uji, huenda ana saratani ya umio. Ugonjwa huu umeenea ukanda wote wa mashariki mwa Afrika, na jirani zetu wa Malawi ni miongoni mwa wanaougua zaidi duniani. Huyo asingoje hadi yapite maji tu. Wengi hufika hospitali wakiwa wamekonda mno kustahimili matibabu, baada ya miezi ya kuambiwa wamerogwa.

Wewe mwenye mgonjwa wa kiharusi, kabla hujampa kikombe muulize muuguzi: "Ameshapimwa kumeza?" Akikujibu bado, kataa kumnywesha mpaka apimwe. Na wanaopanga huduma za wilaya waongeze mstari huo mmoja kwenye fomu, kisha wawafundishe wauguzi wao kutumia kijiko.