Je, Wajua? Kidonge cha Presha Hakiishii Kwenye Presha

Je, wajua kidonge cha presha chaweza kukupandishia sukari? HCT, ile dawa ya kukojosha, hutoa chumvi na maji mwilini, na potasiamu hutoka nayo. Potasiamu ikipungua, kongosho hulegea kumwaga insulini. Katika utafiti wa ALLHAT wa Marekani wa mwaka 2002, wenye watu zaidi ya 33,000, asilimia 11.6 ya wasio na kisukari waliopewa klothalidoni, ndugu yake HCT, walikuwa nacho baada ya miaka minne. Kwa lisinoprili, dawa nyingine ya presha, ilikuwa 8.1. Hata hivyo klothalidoni haikuzidiwa katika kuzuia shambulio la moyo, kwa hiyo usiitupe chooni.

Na jongo je? HCT hiyo hiyo huzuia figo zisitoe asidi ya yuriki. Mzee wa Deep Sea, Tanga mjini, mpenzi wa dagaa, anaamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba, hata shuka likikigusa anaruka. Kukicha yuko duka la dawa, anauziwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Maskini! Diklofenaki hubakiza chumvi mwilini, presha inapanda upya. Kama anameza na kaptoprili, nayo dawa ya presha, figo zimo hatarini. Angemuuliza daktari, huenda angebadilishiwa HCT akapewa losatani, dawa ya presha ambayo hupunguza asidi hiyo.

Turudi kwenye potasiamu: dafu la Pangani linayo tele. Anayetumia HCT, figo zake nzima, anywe tu. Anayetumia kaptoprili au spironolaktoni, ambazo huzuia potasiamu isitoke, na figo zimechoka, madafu mfululizo yaweza kumvuruga mapigo ya moyo.

Atenololi, dawa nyingine ya presha, huficha dalili za sukari kushuka: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka. Jasho hailifichi. Mwenye kisukari aliyefunga Ramadhani, akilowa jasho alasiri bila sababu, apime sukari. Ikiwa imeshuka, afungue hapo hapo, asingoje adhana.

Amlodipini, nayo ya presha, haigusi sukari wala potasiamu. Kero yake ni kuvimbisha vifundo vya miguu, na huko si kuharibika figo kama wengi wanavyodhani.

Siku ya kliniki, iwe hospitali ya Bombo au zahanati ya kijijini, beba vidonge vyote unavyomeza, vya dukani na mizizi pia, umwonyeshe daktari. Na dawa ya presha usiiache kwa kujiamulia.