Kumwambia Rafiki "Hapana" Bila Kuvunja Urafiki

Mara nyingi tunazungumza juu ya chanjo, lishe na maji safi. Leo tutazungumza juu ya urafiki, na utaona kwamba hili nalo ni jambo la afya.

Tuchukue mfano. Mama mmoja amepanga chumba katika ploti hapa Kitengela, na anafanya kazi katika kiwanda cha EPZ kule Athi River. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi 3. Lakini mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi 6. Kwa hiyo mama akirudi kazini inabaki miezi 3 ambayo mtoto hushinda mikononi mwa mtu mwingine. Hapa mtu huyo ni rafiki yake, jirani wa mlango wa pili.

Jioni moja mama anarudi na kukuta kikombe cha uji kando ya mtoto. Rafiki anamwambia, "Alikuwa analia, nikamwonea huruma. Hata wangu niliwapa, na wamekua."

Mama anakumbuka alivyofundishwa kliniki. Anafungua mdomo, kisha anaufunga. Anaogopa kwamba rafiki atakasirika, na kesho hatakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Anasema tu, "Asante, dada." Kesho yake mtoto anapewa uji tena. Baada ya siku chache anaanza kuharisha.

Je, mama huyu ni mjinga? La, hasha. Ni mtu mpole asiyependa ugomvi, na wengi wetu tuko kama yeye.

Watu hatuna tabia moja. Waganga wa Ugiriki ya kale waliwagawa watu katika aina nne: mchangamfu, mkali, mwenye huzuni na mtulivu. Walidhani tofauti hizo zinatokana na majimaji manne ya mwilini, fikira ambayo imeachwa. Mwaka 1921 daktari Carl Jung wa Uswisi aliandika juu ya aina mbili kubwa: mtu ambaye mawazo yake huelekea ndani, na mtu ambaye huelekea nje kwa watu. Daktari huyo alifika Kenya mwaka 1925, akatazama makundi ya wanyama katika nyanda za Athi, nyanda hizi hizi ambazo mji wa Kitengela umejengwa juu yake. Siku hizi wataalamu wanasema kwamba wengi wetu tuko katikati, wala hakuna tabia iliyo ugonjwa.

Sasa sikiliza vizuri, mama. Tabia yako ni kitu kimoja, na namna unavyosema jambo ni kitu kingine. Mtu mkimya anaweza kujifunza kusema wazi, na mtu mkali anaweza kujifunza kusema kwa upole. Kusema ni kama kupika chapati; mkono huzoea.

Rafiki akifanya jambo usilolipenda, kuna njia nne. Ya kwanza ni kunyamaza, na mtoto anaendelea kupewa uji. Ya pili ni kufoka, na urafiki unavunjika siku hiyo hiyo. Ya tatu ni kununa na kumsengenya kwenye chama au saluni. Maneno yatamfikia, na yatakuwa yameongezwa chumvi. Ya nne ni kumwambia yeye mwenyewe, wazi na kwa heshima. Njia hii ya nne ndiyo tunayoitaka.

Itafanywaje? Chagua wakati ambapo mko wawili tu, na hakuna aliye na haraka. Anza kwa shukrani ya kweli. Kisha taja jambo lenyewe bila kumlaumu, toa sababu moja, na useme unachotaka. Kwa mfano: "Dada, nakushukuru, bila wewe nisingeweza kwenda kazini. Naomba mtoto asipewe uji wala maji mpaka afikishe miezi 6. Tumbo lake bado ni changa, na vijidudu vinaweza kumharisha. Nitakuachia maziwa yangu niliyokamua. Akilia, mpe hayo kwa kikombe safi."

Umeona? Hukumwita mbaya. Tena umempa kitu cha kumtulizia mtoto, maana alitoa uji kwa sababu ya kilio. Maziwa hayo yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko, mahali penye ubaridi. Bila friji, yatumiwe katika muda wa saa 4. Kwa muda mrefu zaidi, uliza kliniki. Na akisema, "Jua la Kajiado ni kali, mtoto ana kiu," mjibu kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, karibu asilimia 88.

Pengine rafiki yako amekuzidi umri, naye anakushauri kumpa mtoto wa miezi 4 maziwa ya ng'ombe. Heshima haikuzuii kusema. Msalimu kwanza, "Yeyo, takwenya," akuitikie, "Iko." Sikiliza ushauri wake mpaka mwisho. Ndipo useme, "Nimekusikia, yeyo, na najua unampenda mtoto huyu. Kliniki wameniambia ningoje miezi 6. Naomba unisaidie kungoja." Mwalike mwende kliniki pamoja, asikie kwa masikio yake.

Je, akikasirika? Inawezekana. Usibishane, rudia ombi lako kwa sauti ile ile. Mpe siku mbili tatu. Lakini kabla ya kuzungumza naye, tafuta mtu wa pili anayeweza kukushikia mtoto, ili hofu isikufunge mdomo. Uliza pia kazini: Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa.

Na wewe mama mchangamfu, unayesema bila woga, una kazi yako. Rafiki yako mpole akisema "sawa" huku anatazama chini, hajakubali. Muulize, "Unaonaje wewe?" kisha unyamaze mpaka ajibu.

Mtoto akiwa tayari anaharisha, usingoje mazungumzo. Endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya mapema.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno dogo la leo, likisemwa kwa upole, linamlinda mtoto na linaulinda urafiki.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Ni jambo gani umeshindwa kumwambia rafiki yako, na unaogopa nini?
2. Ungeanzaje kumwambia? Jaribuni wawili wawili, mmoja awe rafiki.