Subaru yako ina turbo? Mchunguze fundi kwanza

Ndugu yangu mdogo aliuza ploti ili aiongezee Subaru yake nguvu. Majuma matatu baadaye pistoni ilipasuka, na fundi hakuonekana tena.

Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo sharti izidi, na cheche ije kwa wakati wake. Anayepanga hayo yote ni kompyuta ya injini. Gari likienda polepole, gramu 14.7 za hewa huchomwa kwa gramu moja ya petroli. Turbo likisukuma sana, mafundi hushusha hewa hiyo hadi 11 au 12 hivi. Petroli ikipungua hapo, mlipuko hupiga pistoni kama nyundo.

Kwa gari la kwenda kazini na kupeleka watoto shule, yatosha kuandika upya programu katika kompyuta iliyokuja nalo. Kompyuta mpya, kama Haltech ya Australia au Link ya New Zealand, waachie waliokwisha kubadilisha turbo na nozeli. Bei yake si mchezo!

Sasa fundi. Je, ana kipimo cha hewa na petroli? Subaru nyingi za turbo kutoka Japani zilipangiwa petroli ya huko ya oktani 100 hivi. Yeye atalipangia lako petroli gani? Tena Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Muulize litakuwaje ukishuka nalo Mombasa. Akicheka, chukua ufunguo wako uondoke.