Wafu 19 au Wafu 39: Kusoma Habari za Maandamano

Jumapili ya 30 Juni 2024, Rais William Ruto wa Kenya aliketi na wanahabari katika Ikulu ya Nairobi akasema kwamba, kwa kumbukumbu alizokuwa nazo, watu 19 walikuwa wamekufa katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ikatangaza kuwa waliokufa ni 39 na waliojeruhiwa ni 361. Yaani zaidi ya maradufu, kati ya Jumapili na Jumatatu. Wasiompenda Rais wakasema anaficha maiti. Wanaompenda wakasema Tume inatia chumvi. Wachache mno waliuliza swali la karani: orodha ya kila mmoja inaanza tarehe gani, inaishia lini, inahusu wapi, na ili mtu aingizwe humo kinatakiwa ushahidi gani?

Tume ilikuwa imekwisha kujibu sehemu ya swali hilo katika taarifa yake: ilihesabu tangu 18 Juni hadi 1 Julai, nchi nzima. Rais alitaja kumbukumbu bila kueleza zimetoka wapi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba alidanganya. Linathibitisha kwamba namba moja inakaguliwa na nyingine haikaguliki, na katika mabishano ya namna hii mimi huegemea namba inayokubali kukaguliwa, hata anayeitaja akiwa mtu nisiyempenda.

Tukae hapa kidogo, maana hesabu ya wafu ndiyo inayogombaniwa kuliko zote na ndiyo inayoeleweka kidogo kuliko zote. Aliyepigwa risasi barabarani haingii kwenye takwimu saa ile ile. Hubebwa kwa bodaboda au ambulansi, akafikishwa hospitali hii, akahamishiwa ile. Mmoja hufa njiani, mwingine hufa wiki ya pili akiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kuna anayelala mochari bila jina mpaka ndugu zake wamalize kuzunguka vituo vya polisi. Kuna anayezikwa siku hiyo hiyo kwa mujibu wa dini yake, na kuna ambaye familia yake inaogopa hata kutaja chanzo cha kifo. Karani mwaminifu akifuata njia hizi zote, daftari lake halina budi kunenepa kadiri siku zinavyokwenda.

Maandamano ya Saba Saba ya 2025 yanaonyesha jambo hili vizuri. Siku yenyewe, 7 Julai, polisi walitaja vifo 11 na KNCHR ikataja 10. Kwa mara moja serikali na watetezi wa haki walikaribia kukubaliana! Siku iliyofuata hesabu ya Tume ikawa 31, na baadaye ikafika 38. Mtu aliyeshika gazeti la siku ya kwanza na mtu aliyesoma la wiki ya pili wangeweza kubishana hadi usiku wa manane, kila mmoja akiwa na karatasi yake ya kweli mkononi. Namba inayopanda si dalili ya uzushi. Ninayoitilia shaka mimi ni ile iliyoganda siku ya kwanza huku mochari zikiendelea kupokea.

Baada ya miezi ya kazi, orodha zilizotengenezwa kwa uaminifu huelekea kukutana. Baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki, iliyoundwa kuyachunguza, ilihesabu wafu 1,133, nayo KNCHR katika uchunguzi wake ikataja 1,162. Tofauti ni watu 29, si haba kwa familia 29, lakini hakuna hoja ya kisiasa inayoweza kusimama juu ya pengo hilo. Tena ripoti ya Waki ilikwenda mbele ya jumla: ilieleza kwamba 405 kati yao walikufa kwa risasi. Kwangu namba hiyo ndogo ina thamani zaidi kuliko ile kubwa, kwa kuwa inaanza kugusa swali la waliuawa vipi na na nani.

Sasa vyombo vya habari. Watu hupenda kuniuliza ni kituo gani cha kuaminika, kama anayeuliza duka gani halichakachui mafuta. Swali limekaa vibaya. Kinachopimwa ni dai moja moja, na kipimo chake ni umbali kati ya aliyesema na tukio. Gazeti lenye heshima ya miaka mingi linaweza kuchapisha taarifa ya polisi neno kwa neno usiku ule, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwepo kabla ya kurasa kufungwa. Na kijana mwenye simu iliyopasuka kioo anaweza kuwa ndiye pekee aliyeona kilichotokea langoni mwa Bunge. Chukua kalamu upitie habari yoyote ya maandamano, upigie mstari kila sentensi ambayo mwandishi aliona kwa macho yake. Kisha weka alama nyingine penye “polisi walisema”, “duru za kuaminika” na “inadaiwa”. Mara nyingi habari ya safu mbili hubakiwa na sentensi tatu.

Angalia pia kamera ilisimama wapi. Tarehe 25 Juni 2024, wabunge walipopitisha Mswada huo wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106 na waandamanaji wakaingia Bungeni, watu walikuwa barabarani katika zaidi ya nusu ya kaunti 47 za Kenya. Lakini picha zilizozunguka dunia zilitoka katika mitaa michache ya katikati ya Nairobi. Mji usio na mwandishi huonekana mtulivu kwenye takwimu, maana hifadhidata nyingi za maandamano hujengwa kwa habari zilizochapishwa. Pasipo mwandishi hapana tukio.

Pengine giza hili la habari huletwa kwa makusudi. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja 30 Desemba 2007. Januari 2018 ilizima vituo vikubwa vya televisheni siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipoapishwa na wafuasi wake. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru kurusha maandamano mubashara kukomeshwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo siku ile ile. Nchini Tanzania, kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa. Siku mbili baadaye Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilizungumzia taarifa za kuaminika za vifo visivyopungua 10, na chama cha upinzani cha CHADEMA kikataja takriban 700. Wengi waliitumia namba ya kwanza kuikanusha ya pili. Ni kosa la kusoma: “visivyopungua” ni sakafu, si dari. Aliyesema 10 alisema kiasi alichoweza kukithibitisha gizani. Na pengo kubwa namna hiyo kati ya namba mbili ni ushahidi wa giza lenyewe, kwa hiyo anayestahili kuulizwa kwanza ni aliyezima taa.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wasomi: asilimia. Marekani, baada ya George Floyd kuuawa na polisi mjini Minneapolis mwezi Mei 2020, ACLED, shirika linalokusanya takwimu za maandamano na machafuko, lilikusanya matukio zaidi ya 7,750 ya maandamano hadi 22 Agosti na kukuta takriban asilimia 93 yalikuwa ya amani. Kwa upande mwingine, sekta ya bima ilikadiria hasara ya dola bilioni 1 hadi 2. Wabishi wakarushiana takwimu hizo kama kwamba mojawapo lazima iwe ya uongo. Zote zinaweza kuwa sahihi. ACLED ilihesabu matukio, na katika hesabu ya matukio mkusanyiko wa watu 30 una uzito sawa na wa watu 30,000; bima ilihesabu pesa, ambazo zilipotea katika sehemu chache mno. Portland iliandamana kwa zaidi ya usiku mia moja, na televisheni zikarudia mitaa ile ile michache iliyozunguka jengo la mahakama ya shirikisho mpaka mtazamaji wa mbali akadhani jiji zima linaungua. Kabla ya kuikubali asilimia, uliza: asilimia ya nini?

Ukubwa wa umati nitaupita haraka. Chukua urefu wa barabara iliyojaa, zidisha kwa upana wake. Umati uliosimama kwa nafasi ni takriban mtu mmoja kwa mita mraba. Uliobanana ni wawili au zaidi kidogo. Barabara ya mita 500 kwa 30, ikijaa hadi kubanana, hubeba watu 30,000 hivi. Akikuambia mtu kwamba nusu milioni walisimama hapo, mwombe akuonyeshe walisimama juu ya nani.

Video ndiyo inayonifanya niwe na matumaini, ingawa ndiyo inayodanganya wengi. Usiku wa 25 Juni 2024 zilisambaa video za Githurai, kitongoji cha pembezoni mwa Nairobi, zenye milio ya risasi, na kila aliyezituma aliongeza idadi ya waliouawa. Milio ilikuwa ya kweli. Lakini mlio hauhesabu maiti, na video iliyopigwa gizani kutoka dirisha la ghorofa inathibitisha kwamba risasi zilifyatuliwa, basi. Ndivyo video inavyotakiwa kusomwa: inathibitisha kilichomo ndani ya fremu, kwa dakika ile, na zaidi ya hapo ni maneno ya aliyeituma.

Ikiunganishwa na nyingine, hata hivyo, hupata nguvu ya ajabu. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa filamu ya “Blood Parliament” kuhusu mauaji ya siku hiyo ya Juni 2024, baada ya kuchambua picha zaidi ya 5,000. Kazi ya aina hii hutegemea mambo ya kawaida kabisa: kibao cha duka, mnara unaojulikana, kivuli, saa ya matangazo ya moja kwa moja, mtu mmoja anayeonekana akianguka katika kamera tatu tofauti. Kwa njia hiyo filamu iliwatambua waliofyatua risasi nje ya Bunge na kuonyesha kwamba waliouawa hawakuwa na silaha. Hakuna msemaji yeyote, wa serikali wala wa upinzani, aliyekuwa ametupa ushahidi wa namna hiyo.

Kwa hiyo ikitokea wewe ndiye uliyeshika simu, usihariri wala usiweke muziki. Zungusha kamera polepole ushike kibao cha barabara au jengo linalojulikana, kisha taja saa na mahali kwa sauti. Hifadhi faili la asili mahali pawili, kwa sababu WhatsApp hubana video na kufuta taarifa za saa na eneo zilizofichwa ndani yake. Kabla ya kuirusha hadharani tengeneza nakala na uzibe nyuso za watu humo, maana watakaoitazama si marafiki zako peke yao. Akija mchunguzi au wakili unayemwamini, mpe lile faili la asili.