Mugumo wa Thika: Kulinda Mahali na Kulinda Desturi

Aghalabu tunaposema kuwa mila zinalindwa, tunachanganya mambo mawili: kulinda mahali, na kulinda desturi inayotendeka mahali hapo. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha kwa kurejelea miji jirani ya Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu.

Katika dini ya jadi ya Wagikuyu, baadhi ya migumo, miti ya jamii ya mkuyu, ilitengwa kuwa madhabahu. Chini yake wazee walichinja mwanakondoo na kumwomba Ngai mvua, nyuso zikielekea Mlima Kenya. Kuikata kulikuwa mwiko. Jomo Kenyatta aliyaeleza hayo katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka mwaka 1938. Mugumo wa Thika una masimulizi yake: kwamba mtabiri Mugo wa Kibiro alisema utawala wa Waingereza ungekoma mti huo ukianguka, na kwamba wakoloni walijitahidi kuutegemeza. Husimuliwa kuwa ulianguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru.

Masimulizi hayo yangalipo, ilhali ibada yenyewe imefifia. Sababu kuu ni ardhi. Ibada ilihitaji ukoo ulioishi pamoja na wazee waliotambuliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi walitwaa ardhi nyingi ya eneo hili kwa kilimo cha katani na kahawa, na koo zikatawanyika. Baadaye mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yaligeuzwa mitaa ya makazi, hasa baada ya upanuzi wa barabara ya Thika kukamilika mwaka 2012.

Tulinganishe na Makaya ya Wamijikenda huko Pwani. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu ya Makaya katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, mila za Makaya ziliingizwa katika orodha nyingine, ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Orodha hizo mbili zatufunza kwamba msitu waweza kuwa salama huku desturi yake ikiwa hatarini.

Sheria za Kenya nazo zina mipaka. Katiba ya 2010 yatamka kuwa hakuna dini ya taifa (Ibara ya 8), na kuwa utamaduni ndio msingi wa taifa (Ibara ya 11). Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 huwezesha mahali kutangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Sheria ya 2016 hulinda maarifa ya jadi ya jamii. Hata hivyo, hakuna sheria iwezayo kumwamuru kijana akae na babu yake amsikilize.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohusika. Kwa watoto wengi wa mitaa ya Ruiru, Kiswahili ndicho kitakachowafikishia masimulizi haya, na tafsiri yaweza kuhifadhi au kupotosha. Kwa Kigikuyu, mundu mugo ni mganga, naye murogi ni mchawi. Anayemwita wa kwanza kwa jina la wa pili amekwisha kuihukumu dini nzima kwa neno moja. Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Nasi twaongeza kuwa mfasiri mzembe humwachisha mila hata asiyetaka kuiacha. Basi na tuwaendee wazee, kwa idhini yao, tuyaandike maneno yao jinsi wanavyoyatamka kabla ya kuyafasiri.